Namna ya Kusoma Taarifa ya Mwezi ya Itifaki ya Mikopo ya Kripto

Katika vikundi vingi vya kuweka na kukopa hapa Pemba, sanduku la fedha huwa na kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu ili asiwepo mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Siku ya mkutano sanduku huwekwa katikati ya jamvi, hufunguliwa mbele ya macho ya wote, fedha huhesabiwa kwa sauti, na mwanachama makini ni yule anayekumbuka kiasi kilichobaki mara iliyopita kabla mshika fedha hajakitaja. Itifaki ya mikopo ya kripto isiyo na mamlaka kuu, yaani programu ya mtandaoni ya kuweka na kukopa sarafu za kidijitali bila ya benki wala msimamizi mmoja, haina jamvi wala siku ya mkutano. Kinachosimama badala yake ni taarifa ya maendeleo ambayo watengenezaji wa programu huitoa kila mwezi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya msomaji wa Wete, Chake Chake au Mjini Unguja ambaye ameshaweka mali yake humo, au anafikiria kuweka, na ambaye taarifa hiyo humfikia ikiwa imejaa istilahi ngumu na michoro ya kupendeza.

Itifaki zinazojulikana zaidi ni Aave, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la ETHLend, na Compound, iliyoanza kazi mwaka 2018 juu ya Ethereum, mtandao wa kompyuta nyingi zinazotunza daftari moja la miamala. Jambo linalofanyika humo si geni kwetu: mkopaji huweka rehani mali yenye thamani kubwa kuliko mkopo anaouchukua, na mwenye kuweka fedha hupata sehemu ya riba. Wazee wetu waliweka rehani mashamba ya mikarafuu, na katika miaka ya 1930 madeni hayo yalikuwa mazito kiasi cha serikali kuingilia kati. Lakini mdai wa zama hizo alilazimika kungoja, kusihiwa, na pengine kwenda mahakamani. Mkataba janja, yaani programu inayotekeleza yenyewe masharti ya mkopo, haungoji. Thamani ya rehani ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mtu yeyote duniani anaweza kulipa sehemu ya deni lako na kuichukua rehani kwa bei ya punguzo, nawe umelala. Suala la riba lipelekwe kwa wanazuoni wa fiqhi, na anayelitilia shaka na alimalize kwanza kabla ya kuendelea. Vilevile Benki Kuu ya Tanzania iliutahadharisha umma mwezi Novemba 2019 kwamba sarafu za aina hii hazitambuliwi na sheria za nchi, kwa hiyo mambo yakiharibika hakuna kaunta ya kwenda kulalamika.

Anza na taarifa ya mwezi uliopita

Usiisome taarifa mpya ikiwa peke yake. Ifungue ya mwezi uliopita, na kama ipo ya mwezi wa kabla yake ifungue pia, kisha uandike katika daftari kila kazi iliyoahidiwa na neno lililotumika kuieleza. Utagundua upesi kwamba vitenzi ndivyo vinavyobeba habari: "imewekwa kwenye mtandao mkuu" (ule wenye fedha za kweli) ni jambo lililotokea, ilhali "inaendelea vizuri" ni jambo la kuombewa dua. Niliwahi kuifuata itifaki moja ndogo ambayo kwa miezi mitano mfululizo iliandika kwamba toleo jipya liko katika hatua za mwisho za majaribio, kila mwezi kwa maneno mapya na mchoro mpya, na taarifa ya mwezi wa sita haikutoka kabisa. Nilikuwa na dola 60 humo. Nilizitoa, lakini ada ya mtandao siku hiyo ilikula karibu robo yake, na kosa lilikuwa langu kwa kuwa sikuwahi kuzilinganisha taarifa mbili mpaka nilipokwisha kuchelewa.

Taarifa inayosema waziwazi kwamba kazi fulani imechelewa, na kueleza kwa nini, naiamini zaidi kuliko ile ambayo kila kitu kimekwenda kama kilivyopangwa.

Tofautisha hatua za kazi

Karafuu iliyo mtini, karafuu iliyoanikwa juani na karafuu iliyopimwa kituoni zote ni karafuu, lakini aliyelipwa ni mwenye ile iliyopimwa. Msimbo wa programu nao una hatua zake: huandikwa, huwekwa kwenye mtandao wa majaribio ambako fedha si za kweli, hukaguliwa na watu wa nje, hupigiwa kura na wenye tokeni za utawala (sarafu zinazompa mwenye nazo haki ya kura), hukaa katika kufuli la muda, yaani kungoja kwa lazima, kwa siku kadhaa, na ndipo unapoanza kufanya kazi kwenye mtandao mkuu. Taarifa nyingi huzichanganya hatua hizi katika orodha moja ya mafanikio. Kazi yako ni kuzipanga upya, kila kazi mbele ya hatua iliyofikia.

Hatua ya ukaguzi ndiyo inayowadanganya wengi. Tarehe 13 Machi 2023 itifaki ya Euler Finance iliibiwa mali yenye thamani ya takriban dola milioni 197, ingawa ilikuwa imekaguliwa na kampuni kadhaa. Kasoro haikuwa katika msimbo wa mwanzo, bali katika kipengele kilichoongezwa baadaye, ambacho kilimruhusu mtumiaji kuichangia akiba ya itifaki sehemu ya mali yake pasipo mfumo kuhakikisha kwamba rehani iliyobaki bado inatosheleza deni lake. Sehemu kubwa ya mali hiyo ilirudishwa katika wiki zilizofuata, lakini hilo lilitokana na mwizi kukubali kurudisha. Kwa hiyo taarifa inapotamka kwamba msimbo umekaguliwa, tafuta ni toleo lipi lililokaguliwa, tarehe ya ukaguzi, na kama kuna kipengele kilichoingizwa baada ya tarehe hiyo. Ripoti kamili ya mkaguzi huwekwa wazi na itifaki zenye nia njema, pamoja na orodha ya kasoro zilizopatikana na zile ambazo timu imeamua kuziacha kama zilivyo. Orodha hiyo ya zilizoachwa ndiyo ya kusomwa mara mbili.

Kura nazo hazizuii makosa. Mwishoni mwa Septemba 2021 wenye tokeni za Compound walipitisha pendekezo namba 62 la kubadilisha namna ya kugawa tokeni hizo, na mara mabadiliko yalipoanza kazi ikaonekana kwamba alama moja ya kulinganisha namba ilikuwa si sahihi, na baadhi ya watumiaji wakaanza kupokea tokeni ambazo hawakustahiki. Hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kuusimamisha ugawaji huo papo hapo. Utaratibu wao ulitaka siku saba kamili kwa badiliko lolote: mbili za kutafakari, tatu za kupiga kura na mbili za kufuli la muda, na siku hizo saba ambazo zimewekwa kumlinda mtumiaji ndizo zilizochelewesha dawa.

Sehemu ya vipimo vya hatari

Hapa ndipo unapopaswa kukaa muda mrefu, ijapokuwa huwekwa karibu na mwisho wa taarifa na huandikwa kwa mistari miwili mikavu. Kila mali inayokubaliwa kuwa rehani hupewa asilimia mbili. Ya kwanza huonesha mwisho wa kiasi unachoweza kukopa, na ikipunguzwa huwagusa wanaokopa upya tu. Ya pili ni kizingiti cha kuuzwa kwa rehani, na hiyo ikipunguzwa huweza kumgusa hata aliyekopa mwaka jana.

Chukua mfano wa rehani ya dola 1,000, mkopo wa dola 600 na kizingiti cha asilimia 80. Zidisha 1,000 kwa 0.8 upate 800, kisha gawa kwa 600. Jibu ni 1.33, na maadamu jibu liko juu ya 1 rehani yako haiguswi. Sasa taarifa inasema kizingiti kimeshushwa hadi asilimia 70. Hesabu ileile inatoa 700 kwa 600, yaani 1.17, na wewe hujafanya lolote. Bei ya rehani ikishuka mpaka dola 850, chini ya kizingiti cha zamani ungebaki na 1.13 na usingizi wako. Chini ya kizingiti kipya 595 kwa 600 ni 0.99, na rehani inaanza kuuzwa. Fanya hesabu hii kwa namba zako mwenyewe kila mwezi, hata kama taarifa haikutaja mali unayoitumia.

Katika sehemu hiyohiyo tazama chanzo cha bei, kwa maana mkataba janja haujui bei ya kitu mpaka uambiwe, na badiliko la nani anayeuambia ni zito kuliko badiliko lolote la muonekano wa tovuti. Tazama pia namna ya kuuza rehani. Tarehe 12 Machi 2020, bei ya ether, sarafu ya mtandao wa Ethereum, ilipoporomoka na mtandao kusongamana, baadhi ya minada ya rehani katika MakerDAO, itifaki nyingine ya mikopo, ilishindwa na watu waliotoa zabuni ya sifuri, kwa sababu washindani wao hawakuweza kufika mnadani.

Namba kubwa

Jumla ya thamani iliyowekwa hutajwa mwanzoni kabisa, na inastahili dakika moja tu. Bei ya ether ikipanda kwa asilimia 30, namba hiyo hupanda kwa dola bila ya mtu mmoja kuweka kitu kipya, kwa hiyo ihesabu kwa ether na si kwa dola. Muhimu zaidi ni uwiano wa kilichokopwa kwa kilichowekwa. Kama zimewekwa dola milioni 10 na zimekopwa milioni 9.5, basi wote walioweka wanagombea nusu milioni iliyobaki, na atakayechelewa atangoja wakopaji warejeshe.

Kura, saa na funguo

Nyakati za kura mara nyingi huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Kura inayofungwa saa 23:59 za huko inafungwa kwetu saa 8:59 usiku wa kuamkia siku inayofuata, na mwenye kufuata tarehe iliyoandikwa bila ya kuigeuza atajikuta amekosea tarehe. Halafu uliza habari za funguo: ni sahihi ngapi zinazohitajika kuubadilisha mkataba, kati ya ngapi, na je, wenye kuzishika ni watu wa kampuni moja? Sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake zote ziko nyumba moja kila mwanakikundi angelikataa.

Mwisho, hakiki. Anwani ya mkataba mpya iliyotajwa kwenye taarifa inakiliwe na kutafutwa katika Etherscan, tovuti inayoonesha yaliyomo katika mtandao wa Ethereum, ambako utaona tarehe ya kuwekwa kwake na kama msimbo wake umethibitishwa hadharani. Anwani hiyo ichukuliwe kutoka kwenye nyaraka za itifaki yenyewe, si kutoka kwenye taarifa uliyotumiwa na rafiki kwa WhatsApp, kwa kuwa matapeli huiga taarifa hizi mpaka rangi zake na kubadilisha kiungo kimoja tu. Ukurasa unaofunguka baada ya kiungo hicho ukikutaka uandike maneno ya siri yanayofungua pochi yako ya kripto, yawe 12 au 24, ili "kuhamia toleo jipya", ufunge hapohapo. Hakuna toleo la itifaki yoyote linalohitaji maneno hayo.