Bibi alitunga majini na mazimwi, wewe unaendelezaje? Namna ya kuanza

Kuna familia zina mtu mmoja, bibi au mjomba, ambaye hadithi zake za majini na mazimwi wote mmekua nazo, na sasa we ndo unataka kuziandikia watoto vitabu ziendelee. Safi sana, ila usikimbilie kuandika.

Anza kurekodi. Kama mwenyewe bado yupo washa simu, lakini usikae nae peke yenu ukaanza kumhoji, atakupa kifupi tu. Ita watoto jioni wakae mkekani, aseme paukwa waitikie pakawa, hapo ndo utausikia ule wimbo wa zimwi unaorudiwa kila akikaribia mlango, ile sauti ya puani, na pale anaponyamaza makusudi mpaka mtoto mmoja aulize "ikawaje?" Ukihamishia kwenye karatasi usisafishe kitu, andika alivyosema. Kama ameshatangulia, zungukia mashangazi na wajomba, kila mtu atakuja na ya kwake na zitapishana, we chukua zote.

Alafu fungua daftari la ulimwengu wake: jini anaingilia wapi, anaogopa nini, uchawi unavunjwa na nini, nani ni ndugu wa nani. Hili msilidharau jamani, watoto wanakumbuka kila kitu. Tolkien, yule mwandishi Mwingereza, akiwasimulia wanae habari za Bilbo, shujaa wa kitabu chake The Hobbit, mwanae Christopher, bado mdogo kabisa, alimkatiza kwamba mara ile ulisema mlango wake ni wa bluu, leo unasema wa kijani! Na huyo huyo Christopher ndo alikuja kubaki na makaratasi ya baba. Mzee alifariki 1973, 1977 kijana akatoa kazi kubwa ambayo baba hakuimaliza, na kati ya 1983 na 1996 akatoa vitabu 12 vya rasimu za mzee, akieleza kipi kilitangulia na kipi kilibadilishwa. Mi naona hiyo heshima ndo ya kuiga.

Hadithi yako mpya usimpe shujaa yule yule wa bibi, tafuta aliyepitiwa haraka, labda yule mtoto wa zimwi aliyetajwa mara moja akapotea, mfuate huyo, na uandike kwa sauti yako. Ukimaliza wasomee wanaozijua hadithi za zamani, wakisema "sio hivyo!" rudi kwenye daftari.

La mwisho ni haki, na hapa ndugu hugombana. Kama aliandika mwenyewe, kazi ni ya warithi, Tanzania hakimiliki inadumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Fanyeni kikao, muandikishane nani anaruhusu, hela zinagawanywaje, na jina lake linakaa wapi kwenye jalada (mi ningeliweka mbele, sio nyuma kwenye shukrani). Mkishakubaliana ndo uende COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kusajili kazi, na Bodi ya Huduma za Maktaba kuchukua ISBN, ile namba ya kitabu ya kukitambulisha.