Jinsi ya Kuandika Kipande cha Okestra kwa Nyatiti na Historia ya Reli

Mwongozo huu ni wa mtunzi wa hapa Nairobi anayesoma noti na anayetaka kuandika kipande cha okestra ambamo ala zetu, kama nyatiti, kinubi cha Waluo, hazikuwekwa kuwa pambo. Nitatumia mfano wa reli, kwa kuwa ndiyo iliyolizaa jiji hili.

Hatua ya 1: Tafuta umbo ndani ya historia

Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, lakini tarehe peke yake hazimpi mtunzi muziki. Tazama ardhi badala yake: njia hiyo yaanzia usawa wa bahari, yapanda hadi zaidi ya mita 1,600 Nairobi, yavuka milima ya Mau kwenye takriban mita 2,500, kisha yateremka hadi Ziwa Victoria, mita 1,130 hivi. Acha selo na besi zianze chini kabisa na zipande kwa subira. Kwenye mteremko, chini ya nchi ya Wanandi, ambao upinzani wao ulidumu hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905, katiza mdundo wa reli ghafla.

Hatua ya 2: Mwalike mpiga nyatiti kabla ya kuandika noti yoyote

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huzikaza kulingana na sauti yake ya kuimba, si kulingana na piano. Rekodi kila uzi, upime kwa programu ya simu, kisha uandike umepishana na noti ya okestra kwa senti ngapi, ukikumbuka kwamba nusu toni moja ni senti 100. Usimlazimishe abadilishe mpangilio wake, kwani ladha yote ya ala imo humo. Fidla, viola na selo zaweza kumfuata, mradi wachezaji waepuke nyuzi zilizo wazi, yaani zisizobonyezwa kwa kidole. Piano haiwezi, na oboi huweza kwa shida, kwa hiyo zinyamazishe anapopiga.

Hatua ya 3: Mwandikie mpigaji sehemu ya mguu pia

Mpigaji huketi kwenye kigoda akiwa amevaa njuga, yaani gara, mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu huohuo pete ya chuma, oduong'o, ambayo huigonga ala. Mtu mmoja hutoa nyuzi, chuma, njuga na wimbo. Uandikie mguu huo mstari wake, wala usiongeze ngoma juu yake.

Hatua ya 4: Pima uzito wa sauti

Tromboni mbili zinatosha kuifunika nyatiti. Punguza fidla, wachezaji wadonoe nyuzi kwa vidole, na umketishe mpigaji nyatiti karibu na kiongozi wa okestra, yaani kondakta. Ukitaka kuwakumbuka wafanyakazi zaidi ya 31,000 walioletwa kutoka India, ambao karibu 2,500 kati yao walifariki, ipe dholaki, ngoma ya Kihindi, sehemu yake kamili, mbali na nyatiti, ili kila ala isikike kwa heshima yake.

Hatua ya 5: Mazoezi

Ikiwa mpigaji hujifunza kwa kusikia, mpe rekodi badala ya karatasi, na katika noti za okestra uandike kwamba mzunguko wa nyatiti unarudiwa hadi kiongozi atoe ishara. Anza na nyatiti na ala za nyuzi za okestra pekee. Ala za kupuliza zije katika zoezi la pili.