Hesabu za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, bila mwalimu wa kutegemea

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa wa msimu kama kaskazi. Siku akija, anajaza ubao, tunanakili, kengele inalia, basi. Leo nafundisha tuisheni kwenye daka la nyumba yetu, Langoni hapa Lamu, na wanaokuja wana kisa kile kile. Nawapitisha hivi.

Hatua ya 1. Kabla ya kitabu, tafuta silabasi. Nakili mada zote za kidato cha kwanza hadi cha nne, kila moja uitie alama: naiweza, nababaisha, sijafundishwa. Usijipendelee.

Hatua ya 2. Ijue pepa. Ziko mbili, kila moja maki 100 kwa saa mbili u nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16, yote lazima, maki 50. Ya pili ina maswali 8 ya maki kumi kumi, nawe wachagua 5. Pepa ya kwanza hutoka zaidi kwenye vidato viwili vya mwanzo, kwa hivyo anzia huko hata kama mtihani uko Novemba hii. Wapo wanaoona haya kushika kitabu cha kidato cha kwanza, na haya hiyo imeangusha wengi kuliko kalkulasi.

Hatua ya 3. Kwa sehemu ya pili, chagua mada saba hivi uzimalize kabisa. Mimi husukuma latitudo na longitudo, maana mtoto wa pwani ana nusu ya somo nyumbani. Chukua Lamu, kwa kukadiria, iwe 2°S, 41°E. Jahazi lashuka kusini moja kwa moja hadi 5°S, 41°E. Tofauti ni nyuzi 3, kila nyuzi ni maili 60 za baharini, jumla 180. Likienda maili 6 kwa saa, ni saa 30. Sasa ligeuze mashariki hadi 46°E. Hapa 60 mara 5 haitoshi, lazima uzidishe na kosaini ya latitudo uliyopo, yaani 5°, upate kama 298.9. Kosaini hiyo ndiyo husahauliwa. Kaskazini na kusini haihitajiki. Mashariki na magharibi usiiache.

Hatua ya 4. Fanya pepa za zamani kwa saa. Dakika 150 kwa maki 100, yaani swali la maki 10 lina dakika 15. Kisha jisahihishe kwa mwongozo wa kusahihishia. M ni maki ya njia, A ni ya jibu. Ukikosea jibu, njia yaweza kukuokoa. Ukiandika jibu tupu la kikokotoo, huna pa kushika. Na swali likisema usitumie kikokotoo wala majedwali, litii.

Swali likikushinda mara mbili, lipeleke kwenye daftari la peke yake. Baada ya wiki lifanye tena, kisha umweleze mwenzio hapo dakani mpaka aache kukuuliza "kwa nini".