Kuchonga Mashua Ndani ya Loki, Kibao Kidogo cha Kuchapia

Mashua za jadi za mifereji ya Uingereza ni nyembamba ajabu: upana mita 2.1 hivi, urefu kama mita 22. Sababu ni loki, vile vyumba vya maji vyenye milango mbele na nyuma vinavyopandisha na kushusha mashua. Kule Midlands, eneo la katikati ya Uingereza, vingi vilijengwa vyembamba tangu karne ya 18, na mashua zikabidi zivifuate. Leo tunachonga moja ikiingia lokini, kwenye kibao cha sentimita 7 kwa 10.

Hatua ya 1: Kibao. Ubao wa kawaida haufai. Tunataka mti uliokatwa kama vipande vya muhogo, nyuzi zikitazama juu, ili chuma cha kuchongea kipite upande wowote bila kurarua. Wa jadi ni boksi, mti alioutumia mchongaji Thomas Bewick wa Newcastle, Uingereza, aliyefariki 1828. Mpingo je? Naulizwa sana. Ugumu unao, ila ni mweusi mpaka ndani, hutaona ulichochonga.

Hatua ya 2: Mchoro. Paka uso wa kibao wino mweusi mwepesi, ukauke. Kisha weka picha yako mbele ya kioo, uchore unachokiona kiooni, maana chapa hutoka kinyume. Mimi mara ya kwanza niligeuza mashua nikasahau jina lililoandikwa ubavuni. Nilishachapa nakala kumi ndipo mtu akaniuliza hiyo ni lugha gani.

Hatua ya 3: Kuchonga. Unachokikata ndicho kitakachotoka cheupe, kwa hiyo tafuta nuru kwanza. Mpini wa chuma ukae kiganjani, kidole gumba kigandamize kibao kiwe breki. Ukitaka mstari uliopinda, mkono wenye chuma usiuzungushe. Mkono wa pili ndio unaozungusha kibao juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga.

Anza na ncha za boriti za kusukumia milango ya loki, ambazo hata huko kwenyewe hupakwa rangi nyeupe. Nenda nyuma ya mashua, kwenye kibanda cha kama mita 3 ambamo familia nzima ilipika, ikala na kulala. Bomba la jiko lina pete tatu za shaba. Kila pete ni mkato mmoja mfupi, basi, ukirudia, umeiharibu.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi. Mkono unawasha kuchonga mawimbi, lakini maji ya loki yamebanwa na kuta, si Bahari ya Hindi hii. Yaache meusi. Weka michirizi miwili mitatu ya wima pale mlango unapovuja.

Kama umeweka daraja, kona zake za zamani zina mikwaruzo mirefu iliyokatwa na kamba za farasi waliovuta mashua: kamba iliyolowa ikibeba mchanga hula hata chuma. Chonga kingo za mikwaruzo tu.

Hatua ya 4: Kuchapa. Wino uwe kidogo sana. Sikiliza rola: ikinong'ona, sawa, ikilia kama kandambili kwenye tope, punguza. Laza karatasi nyembamba, sugua kwa mgongo wa kijiko, inua kona moja uchungulie. Nakala ya kwanza karibu kila mara huwa nyeusi mno. Rudi ukate kidogokidogo, kwa kuwa kilichokatwa hakirudishiki. Mimi pete za bomba huziacha mpaka nakala ya tatu, nikishaona moshi umekaa.