Kuhariri na kutafuta kwa sauti kwenye kompyuta

Fungua hati ya Google Docs kwenye Chrome, bonyeza Ctrl+Shift+S, kisha bofya alama ya maikrofoni na uruhusu kivinjari kuitumia. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha, kwa hiyo unaweza kuandika kwa kusema tu. Amri za kuhariri, kwa bahati mbaya, ni za Kiingereza pekee: lugha ya akaunti na ya hati, zote mbili, ziwe Kiingereza. Hapo “select last word” huchagua neno la mwisho, “delete last word” hulifuta. Nyamaza kidogo kabla na baada ya amri. Ukiiunganisha na sentensi, huenda ikaandikwa kama maneno ya kawaida. Wengi hukwama hapa.

Kutafuta ni rahisi: kwenye ukurasa wa Google, bofya maikrofoni, sema unachotaka.