Jinsi ya kuomba taarifa halmashauri kwa barua, kwa waandishi wa Tanga (na raia yeyote)

Ukipiga simu halmashauri kuuliza "mbona zahanati ya kijiji fulani haiishi" utaambiwa bosi kasafiri, kesho yake yuko kikaoni, keshokutwa simu inaita tu, na hakuna aliyevunja sheria hapo kwasababu wewe hujaomba kitu, umeuliza kwa mdomo. Swali la mdomo halina tarehe, halina muhuri, halina mtu anayewajibika nalo. Barua ya ombi la taarifa ikishagongwa muhuri masijala siku zinaanza kuhesabika, na hapo ndo mnaanza kuheshimiana.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, kanuni zake zikatoka 2017, na nyuma yake kuna ibara ya 18 ya Katiba inayosema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu ya maisha ya wananchi. Haki ni ya kila raia, kwahiyo usidhani lazima uwe na kitambulisho cha uandishi, ila lazima uwe Mtanzania. Kama unafanya kazi na mwandishi wa nje, barua isainiwe na wewe. Halafu ni ya Bara tu, habari yako ikivuka maji kwenda Pemba hii sheria inabaki huku huku Tanga.

Nani anaombwa? Halmashauri, wizara, TARURA (wa barabara za vijijini na mijini), RUWASA (wa maji vijijini), mamlaka ya maji, bandari, hospitali ya Bombo, wote hao wamo. Wengi hawajui kwamba hata taasisi binafsi iliyosajiliwa inaweza kuombwa, kama inatumia pesa za umma au imeshika taarifa yenye maslahi makubwa kwa umma. Kwa mkoa ambao bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linakuja kuishia Chongoleani hiyo sio sentensi ya kuiruka.

Sasa kabla ya kushika kalamu angalia kwanza kilicho wazi, maana hakuna kitu kinachokera kama kusubiri mwezi mzima halafu ujibiwe "taarifa hiyo ipo kwenye tovuti". Ripoti za CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinakabidhiwa kwa Rais mwisho wa mwezi wa 3 na mwezi wa 4 zinaingia bungeni, kuna kitabu kizima cha serikali za mitaa, tafuta jina la halmashauri yako humo. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi, nenda ukae, na muombe diwani akuonyeshe kabrasha la kikao. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yanasomwa pale. Mtu anayetaka kuandika habari za hatifungani ya kijani (mkopo kutoka kwa wawekezaji) ya Tanga Uwasa, mamlaka ya maji ya Tanga, ya 2024, ile ya shilingi bilioni 53.12, aanze na waraka wa matarajio waliopewa wawekezaji, mule kuna mahesabu na mipango ya mradi ambayo wengi hatujaisoma. Ukimaliza hayo utajua kinachokosekana ni nini hasa, na hicho ndo cha kuombea barua.

Hapa sasa ndo kwenye kazi yenyewe. Usiombe maelezo, omba karatasi. Barua inayosema "naomba kujua kwanini ujenzi umechelewa na nani amehusika na ubadhirifu" itajibiwa kwa aya mbili za "serikali inaendelea na jitihada", na kisheria watakuwa wamekujibu. Karatasi ina jina, ina tarehe, ina saini, kwahiyo lazima ujue ofisi hiyo inatengeneza karatasi gani.

Chukua zahanati inayojengwa kwa fosi akaunti, yaani pesa inaingia kwenye akaunti ya kijiji au ya kituo na wanatumia mafundi wa hapo hapo bila mkandarasi mkubwa. Mradi kama huo unakuwa na kamati tatu, ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, na kila kamati inakaa vikao na vikao vina mihtasari. Kuna BOQ, yaani mchanganuo wa vifaa na gharama, inayosema nondo ngapi, saruji mifuko mingapi, bati za geji gani. Kuna nyaraka za kamati ya mapokezi zinazoonyesha saruji ilifika lini na mingapi, nani kasaini kuipokea. Kuna vocha za malipo, kuna mkataba wa fundi, kuna taarifa ya mhandisi kila alipokuja kukagua. Ukiwa na BOQ mkono mmoja na karatasi za kamati ya mapokezi mkono mwingine habari inaanza kujiandika yenyewe, BOQ inasema mifuko 600, iliyopokelewa kwa saini ni 410, vocha imelipa 600 (hizi namba za mfano tu jamani msinishike). Hapo huna haja ya mtu kukwambia pesa imeliwa, unampelekea mkurugenzi namba tatu na kumuomba azieleze.

Kwahiyo taja mradi, taja mwaka wa fedha, taja jina la waraka. Usiombe "nyaraka zote za miradi yote tangu 2015", hilo ombi linajiua lenyewe, watakwambia ni kubwa na halieleweki na watakuwa na hoja. Vitu vitatu vinne kwa barua moja vinatosha, kingine andikia barua nyingine.

Halafu kuna jambo la chanzo chako, hili nitalikalia kidogo maana ndo linaloharibu maisha ya watu. Tuseme kuna mhasibu au mjumbe wa kamati kakunong'oneza kuhusu vocha moja, pengine kakuonyesha picha yake kwenye simu. Wewe kwa furaha unaenda kuandika "naomba nakala ya vocha namba fulani ya tarehe fulani". Walioiona ile vocha ni watu watatu! Barua yako ikifika kwa mkurugenzi anaita hao watatu ofisini na kabla ya adhuhuri wanajua nani kaongea. Omba vocha zote za malipo za mradi ule kwa robo mwaka ile, unayoitaka itakuja imejificha ndani ya wenzie. Na ikitokea zote zimekuja isipokuwa ile moja, basi hapo una habari kubwa zaidi. Chanzo akiwa ameshakupa nakala bado omba kwa njia rasmi, maana nakala ya ofisi ndo utakayosimama nayo hadharani, ile ya simu unaitumia kulinganisha tu.

Barua yenyewe haina ufundi, ni ya kiofisi kama za kila siku. Kanuni za 2017 zina fomu yake, ofisi ikikupa ijaze uiambatanishe na barua. Mfano:

Jina lako kamili
S.L.P. ....., Tanga
Simu: .....
Tarehe: .....

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ..........

YAH: OMBI LA KUPATIWA TAARIFA KUHUSU UJENZI WA ZAHANATI YA KIJIJI CHA ..........

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni raia wa Tanzania. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, naomba kupatiwa nakala za nyaraka zifuatazo kuhusu mradi tajwa kwa mwaka wa fedha 2023/24:

(a) BOQ ya mradi;
(b) mihtasari ya vikao vya kamati ya mapokezi pamoja na nyaraka za kupokea vifaa;
(c) vocha za malipo za robo ya pili na ya tatu.

Endapo sehemu ya nyaraka hizi haiwezi kutolewa kisheria, naomba kupatiwa sehemu iliyobaki na sababu za kuzuia sehemu hiyo kwa maandishi. Niko tayari kulipia gharama za nakala.

Naomba kuwasilisha.

Saini, jina.

Basi. Usiweke vitisho, usiandike "vinginevyo nitachukua hatua", usihadithie ulichosikia mtaani. Ile sentensi ya sehemu iliyobaki usiiache, maana ofisi nyingi zikikuta ukurasa mmoja una shida zinakataa faili lote.

Angalia sana unamwandikia nani. Mkoa wa Tanga una halmashauri 11, na Korogwe ziko mbili, ya mji na ya wilaya, Handeni hivyo hivyo, na ukisema Lushoto kumbuka kuna Bumbuli pembeni. Kijiji kiko wilaya wewe umeandikia mji, barua itazunguka humo mpaka ichoke. Muulize mtendaji wa kata kabla hujapanda gari.

Siku ya kupeleka chapa nakala mbili. Nenda asubuhi, ingia masijala, salimia vizuri (yule mama wa masijala ana nguvu kuliko unavyofikiri, shikamoo yako iwe ya kweli sio ya haraka haraka) halafu mpe nakala zote mbili, moja anabaki nayo, ya pili mwombe akugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na asaini. Akikwambia "iache tu tutakupigia" mjibu kwa upole, mama naomba tu muhuri kwenye hii yangu, nikaweke kwenye faili. Kama wana kitabu cha dispachi hakikisha barua imeandikwa humo. Ile nakala yenye muhuri ipige picha hapo hapo nje kabla haijalowa jasho mfukoni, maana bila hiyo utakuwa unabishana na mtu kwamba ulifika au hukufika.

Ulizia pia afisa habari ni nani, sheria inataka kila taasisi iwe na mtu wa kushughulikia maombi haya. Chukua namba yake, ndo utakayekuwa unamkumbusha.

Kuna wasioweza kuandika. Mzee wa Tongoni anayetaka kujua eneo lake limepimwa kuwa la nani, au mtu mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, hao sheria inawaruhusu kuomba kwa mdomo na afisa ndo anaandika ombi na kuwapa nakala yake. Mpeleke, kaa pembeni, hakikisha nakala imetoka. Ila ombi ni la kwake sio la kwako, usimgeuze daraja la kupitishia habari yako.

Baada ya hapo ni siku 30 tangu wapokee. Ndani ya hizo wanatakiwa wakujibu kwa maandishi kama taarifa ipo na kama utapewa. Weka alamu kwenye simu, endelea na kazi zingine, na kama unaweza usipeleke ombi la mahesabu kwenye wiki za kufunga mwaka, tarehe 30 Juni wahasibu wote wanakimbizana na vitabu vyao. Ikifika siku ya ishirini hivi piga simu kistaarabu kwa afisa habari na umtajie namba ya kumbukumbu au tarehe ya muhuri.

Wakikupa, hesabu kurasa mbele yao, angalia saini na tarehe, kama kuna gharama ya nakala lipa kwa kontroli namba udai risiti. Usiikate wala kuibadilisha taarifa uliyopewa, sheria hii inakataza kupotosha na ina adhabu, kwahiyo hifadhi nakala safi pembeni, ukiandika andika kilichoandikwa. Halafu nenda saiti. Karatasi inasema milango 14, wewe ihesabu.

Wakikataa, soma sababu waliyotoa. Zipo sababu halali kisheria, usalama wa taifa, upelelezi unaoendelea, faragha ya mtu, siri halali za kibiashara, nyaraka za baraza la mawaziri na nyinginezo. Ukiomba orodha ya majina ya waliolipwa fidia na kila mmoja kapata shilingi ngapi utagongana na faragha na wana haki, lakini jumla iliyolipwa kwa kijiji na idadi ya waliolipwa ni suala lingine, badilisha ombi. "Mkurugenzi hajaidhinisha" au "taarifa ni nyeti" peke yake sio sababu, mwambie aitaje iliyoko kwenye sheria.

Hujaridhika? Una siku 30 tangu upate uamuzi kumwandikia mkuu wa taasisi apitie upya, ambatanisha barua yako yenye muhuri na jibu lao. Naye akikataa una siku 30 zingine za kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya masuala ya sheria, na uamuzi wake kwa njia hii ndo wa mwisho, isipokuwa taasisi yenyewe ikiwa chini ya waziri huyo huyo, hapo unaenda Mahakama Kuu. Kama wamekaa kimya kabisa siku 30 zikapita, andika barua fupi ya kukumbusha ikimwelekea mkuu wa taasisi moja kwa moja, taja tarehe ya muhuri wa kwanza, gonga muhuri mwingine. Na habari ukiitoa kabla hawajajibu, andika tarehe uliyoomba, ulichoomba, na kwamba hadi unaandika hujajibiwa. Hiyo mistari miwili mitatu wasomaji wanaielewa vizuri sana, na mara nyingine simu ya afisa habari inaingia jioni ya siku hiyo hiyo.