Kabla hujarusha droni karibu na moto, angalia haya ukiwa bado nyumbani

Kiangazi kikiingia huku kwetu, kuanzia Januari mpaka mvua ije, moshi haukosi. Leo ni kreta ya Menengai hapa Nakuru, kesho ni upande wa msitu wa Mau, ukishuka Kibos na Muhoroni upande wa Kisumu ni mashamba ya miwa. Na kila moshi ukipanda kuna mtu anatoa droni kwa begi. Naelewa, video ya moto kutoka juu inavuta watu sana, lakini hapo ndipo pahali hatari zaidi unaweza kurusha, na uamuzi unafaa ufanywe nyumbani, sio ukiwa ushasimama kwa ukingo wa kreta na rimoti mkononi.

Kitu cha kwanza ni kuelewa nani mwingine yuko hewani. Siku ya kawaida kanuni za 2020 za KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, zinakuweka chini ya futi 400, kama mita 120, na ndege za watu ziko juu huko, hamkutani. Kukiwa na moto hiyo nafasi inaisha kabisa. Helikopta ya kuzima moto inashuka chini ya hizo futi 400 kumwaga maji, inaenda kuchota ingine kwa bwawa au ziwa, inarudi, na rubani macho yake yako kwa miti, nyaya za stima na moshi, kwa hivyo droni yako nyeupe ndani ya moshi mweupe hataiona mpaka iwe imemfikia. Betri ya droni ni kitu kigumu, sio kama ndege wa kawaida mwenye nyama na manyoya, ikipata rota ya mkia, ile panga ndogo ya nyuma ya helikopta, hao walio ndani hawana pa kwenda.

Hii imetokea. Januari 2025 kule Los Angeles, kwa ule moto wa Palisades, droni iligonga ndege ya kumwaga maji iliyotoka Quebec, Kanada, ikatoboa bawa. Ndege ilitua salama lakini ikawekwa kando ikitengenezwa, siku ambazo nyumba zilikuwa zinaungua. Aliyeirusha alikuwa ameiacha iende zaidi ya kilomita mbili mpaka haioni tena. Na hata isipogonga, ikionekana tu wanaweza kusimamisha ndege zote. Sasa fikiria huku kwetu, wale vijana wako chini wanapiga moto na matawi, halafu msaada pekee wa juu unaambiwa ungoje kwa sababu yako.

Makaratasi sitakaa nayo sana. Droni iwe imesajiliwa KCAA, wewe uwe na leseni, na ukiwa Kisumu jua kwamba moshi wa miwa wa Kibos hauko mbali na uwanja wa ndege, kwa hivyo hata bila helikopta yoyote hapo bado kuna ndege za abiria. Usiseme apu ya droni haijakuonyesha rangi nyekundu ya mahali pamekatazwa basi uko sawa, apu haijui moto umeanza saa nane mchana.

Sasa hii setingi ya kurudi nyumbani, yaani droni kurudi yenyewe pale iliporukia, ndio watu wengi hawafikirii. Mawasiliano ya rimoti na droni yakikatika, droni nyingi zinapanda kwanza mpaka ule urefu wa kwenda juu uliweka kwa setingi, ndio zianze kurudi. Kama uliweka mita 100 kwa sababu ya miti, basi umeituma moja kwa moja kwa njia ya helikopta na huna usukani tena. Moshi nao unachanganya sensa za kuona vizuizi, na hewa moto inayopanda inairusha juu bila wewe kutaka. Ongeza kwamba Nakuru tuko juu, zaidi ya mita 1,800, hewa ni nyepesi, propela zinafanya kazi zaidi na betri inaisha mapema kuliko ile dakika imeandikwa kwa boksi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni, moto ukiwaka droni inabaki kwa begi, isipokuwa umeitwa. Na kuitwa simaanishi rafiki yako amekwambia kuja, namaanisha yule anayeongoza kazi pale, wa KFS (huduma ya misitu), wa KWS (huduma ya wanyamapori) au wa zimamoto wa kaunti. Kabla uende mkubaliane nani atakuambia ruka na nani atakuambia shuka, namba yake iwe kwa simu, na uwe na mtu wa pili kando yako ambaye haangalii skrini, kazi yake ni kuangalia juu na kusikiliza. Ukisikia mlio wa helikopta usibonyeze kurudi nyumbani, shusha chini pale pale ilipo hata kama ni kwa kichaka, droni utaitafuta baadaye.

Na ukipata mwenzako anarusha pale bila ruhusa, mwambie ashushe kwanza, maneno mengine mtaongea ikiwa chini. Akikataa, tafuta askari wa msitu aliye karibu au piga 999 au 112 useme amesimama wapi.